Wauguzi wa nyumbani kwa watoto njiti Nairobi: tathmini ya huduma, mizani ya kukodi na kazi ya kumwamsha mtoto anyonye

Mtoto aliyezaliwa kabla ya kutimiza wiki 37 anaporuhusiwa kutoka hospitalini, wazazi hukabidhiwa mtoto, kijitabu cha Mama na Mtoto, tarehe ya kurudi kliniki na agizo moja linaloonekana jepesi: mnyonyesheni kila baada ya muda wa saa mbili au tatu, mchana na usiku. Agizo hilo ni sahihi, lakini halimwambii mzazi afanye nini muda huo unapotimia na mtoto amelala fofofo, hafungui mdomo, wala hageuzi kichwa hata akiguswa shavu. Huduma ninayoitathmini hapa hujaza pengo hilo. Muuguzi mwenye ujuzi wa watoto wachanga huja nyumbani, hukaa muda wa kutosha kushuhudia mtoto akinyonya tangu mwanzo hadi mwisho, huwaachia wazazi mizani ya kukodi ikihitajika, na huendelea kujibu maswali yao kwa simu hadi mtoto afikie tarehe ambayo angezaliwa kama mimba ingetimia.

Jina la huduma sitaliandika, kwa kuwa wauguzi wanaoifanya kazi hii kwa kujitegemea au katika vikundi vidogo ni wengi mjini, na ninachotaka msomaji apate ni kipimo cha kumpimia yeyote atakayemkaribisha nyumbani kwake. Binti yetu alizaliwa akiwa na wiki 33. Alianza kulishwa kwa mrija uliopitia puani, baadaye akanyweshwa kwa kikombe, na aliporuhusiwa kuja nasi Umoja alikuwa amekwisha kujua kushika titi, lakini alikuwa hajafikisha kilo mbili. Alikuwa mtulivu mno. Majirani waliokuja kutupa hongera walimsifu kwa upole wake. Mama mkwe wangu, ambaye amelea watoto wengi, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema waziwazi kwamba upole ule haumpendezi, na ndiye aliyesisitiza kwamba tutafute mtu wa kumwangalia kabla ya tarehe ya kliniki kufika.

Sista, kama sote tulivyomwita, alinawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, akavua saa, akaketi kwenye kiti kilichoelekeana na mke wangu, akaomba mtoto anyonyeshwe kama kawaida yetu. Hakumgusa, wala hakuuliza maswali ya historia yake hadi baadaye. Mtoto alilishika titi, akafyonza mara tatu au nne, akapumzika, akafyonza tena, na baada ya dakika chache macho yakafumba, ngumi zilizokuwa zimekunjwa karibu na kidevu zikafunguka na mikono ikaanguka pembeni. Midomo iliendelea kuchezacheza. Mke wangu alisema kwamba sasa ameshiba. Sista akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, tangu aanze umemsikia akimeza mara ngapi?" Hapana aliyeweza kujibu. Akatuonyesha jinsi ya kusikiliza: mtoto anapomeza, taya huteremka zaidi kidogo, hutulia kwa nukta moja, na pumzi fupi husikika ikitoka puani. Kuchezesha midomo bila mtulio huo ni kujiliwaza, na kwa mtoto njiti kujiliwaza huko kunaweza kuendelea kwa nusu saa bila hata kijiko kimoja cha maziwa kuingia tumboni. Naamini kwamba somo hilo la kwanza lilistahili ada yote ya siku ile.

Maelezo aliyotupa baadaye yaliniridhisha kwa sababu yalijibu kwa nini, na mzazi anayejua kwa nini hahitaji kupiga simu kila saa. Kunyonya ni kazi nzito. Kufyonza, kumeza na kupumua ni shughuli tatu zinazotumia njia moja, na lazima zipishane kwa zamu. Uwezo wa kuzipanga huanza kukaa sawa karibu na wiki ya 34 ya umri wa mimba, ingawa watoto hutofautiana, na nguvu za kuudumisha mpango huo kwa mlo mzima huja baadaye zaidi. Ndiyo maana mtoto wa wiki 35 anaweza kunyonya vizuri sana kwa dakika tano kisha akaishiwa kabisa. Mafuta ambayo angeyahifadhi katika wiki za mwisho za mimba hakuyapata, akiba ya sukari katika ini lake ni ndogo, na sehemu kubwa ya nishati yake huishia kwenye kujipatia joto. Asiponyonya vya kutosha hukosa nguvu, akikosa nguvu hulala zaidi, na akilala zaidi hunyonya kidogo kuliko jana. Mzunguko huu ndio unaowarudisha watoto wengi wodini baada ya kuruhusiwa, na ubaya wake ni kwamba ndani ya nyumba unaonekana kama utulivu. Mtoto aliyetimiza miezi atalia akiwa na njaa, na hata kwake kilio ni dalili ya mwisho; mtoto njiti mara nyingi hufika kwenye hatua ya kuchoka bila kupitia hatua ya kulia.

Sehemu iliyotufaa kuliko zote ni ile ya kuusoma usingizi wenyewe. Sista alitukalisha kando ya mtoto aliyelala, akatutaka tutazame tu. Kuna usingizi mzito, ambapo uso umetulia, pumzi zinakwenda kwa mpangilio mmoja, na mkono ukiinuliwa huanguka bila kupinga. Kuna usingizi mwepesi, ambao kwa mtoto njiti ndio unaochukua muda mwingi zaidi: macho husogea chini ya kope, midomo hutabasamu na kukunjika, pumzi huenda mbio kisha hupungua, vidole hutikisika, na sauti ndogo za kuguna hutoka. Kumwamsha mtoto aliye katika usingizi mzito ni kujichosha na kumchosha, na hata akiamka atanyonya kwa kusinzia. Kwa hiyo, muda wa mlo unapokaribia, tuanze kumtazama mapema, na mara tu tunapoona macho yakisogea au mkono ukitafuta mdomo, hapo ndipo pa kumwinua, hata kama saa ya ukutani bado inadai dakika ishirini. Muda wa saa tatu ni mpaka wa mwisho. Tena huhesabiwa tangu mlo uliotangulia ulipoanza, jambo ambalo hakuna aliyetuambia siku ya kuruhusiwa, na ambalo kwa mtoto anayenyonya taratibu hubadilisha hesabu ya siku nzima; milo minane ndiyo ya chini kabisa kwa saa 24.

Namna ya kumwamsha nayo ina utaratibu wake. Tulikuwa tukimpigapiga miguu, kama wengi wafanyavyo. Sista alianza kwa kumfunua blanketi, akasubiri. Akambadilisha nepi, akasubiri tena. Akamlaza kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, akiwa amevaa nepi, kofia na soksi tu, akamsugua mgongo kwa kiganja kutoka chini kwenda juu, akazungumza naye kwa jina. Kisha akamwambia mke wangu akamue tone moja la maziwa na kulipaka kwenye mdomo wa chini wa mtoto. Ulimi ukatoka, ukalamba, na kichwa kikaanza kugeuka. Kila hatua ilipewa muda wake, kwa sababu mtoto njiti huchelewa kuitika, na mzazi mwenye haraka huongeza kichocheo kingine kabla cha kwanza hakijafika.

Hapo ndipo alipotaja jambo ambalo sikulitarajia, nalo ni kwamba si kila mtoto njiti aliyefumba macho amelala. Taa kali, redio, wageni watatu wanaozungumza kwa pamoja na mikono mingi ya kumpakata humlemea, na akilemewa hujifungia: macho hufumba, mwili hulegea au hukakamaa, na mlo huishia hapo. Kabla ya kufika huko hutoa ishara. Hupiga miayo na chafya, hushikwa na kwikwi, hutanua vidole vyote vya mkono, hugeuza uso, na rangi ya ngozi inaweza kubadilika. Sebule yetu ina televisheni ambayo haizimwi hadi usiku, na ploti tunayoishi imepakana na kanisa lenye vipaza sauti vya nguvu. Sista hakutulaumu kwa lolote kati ya hayo. Alisema tu kwamba milo ifanyike chumbani, pazia likiwa limeshushwa, mtu mmoja akizungumza, na kwamba wageni wamtazame mtoto akiwa kifuani kwa mama bila kumpokea. Mama mkwe ndiye aliyechukua jukumu la kuwaeleza wageni, na kwa heshima waliyo nayo kwake hapana aliyebisha.

Kwenye mlo wenyewe alifundisha mkao wa kumpitishia mtoto mkono wa upande ulio kinyume na titi, kichwa kikishikiliwa chini ya masikio badala ya kusukumwa kisogoni, na mkono mwingine ukiwa umelibeba titi huku kidole gumba na cha shahada vikiegemeza kidevu na mashavu ya mtoto. Mashavu ya njiti hayana vijimafuta vya kutosha vya kumsaidia kufyonza, kwa hiyo egemeo hilo dogo humpunguzia kazi. Anapoanza kusinzia, titi hubanwa polepole ili maziwa yatoke bila yeye kujitahidi, naye huamka kwa sababu kuna kitu cha kumeza. Akipumzika ili kupumua, huachwa apumue. Kumtikisatikisa titi mdomoni wakati huo ni kumpalia. Mlo usizidi takribani nusu saa, kwani baada ya hapo mtoto hutumia nguvu nyingi kuliko anazoingiza, na kilichobaki apewe kwa kikombe.

Sasa nije kwenye mizani, ambayo hukodishwa kwa wiki na ndiyo inayowafanya watu wengi wasite kwa sababu ya gharama. Ni mizani ya dijitali yenye sinia refu la plastiki na inasoma gramu mbilimbili, tofauti na mizani za kuning'iniza za kliniki nyingi ambazo haziwezi kuonyesha tofauti ndogo hivyo. Matumizi yake ni mawili. La kwanza ni kupima uzito wa kila siku kwa saa ileile, mtoto akiwa uchi. Mtoto njiti aliyekwisha kuimarika hutarajiwa kuongeza kati ya gramu 20 na 30 kwa siku, na mwenendo wa siku kadhaa ndio wa kutazamwa kuliko namba ya asubuhi moja. La pili ni kumpima kabla na baada ya kunyonya akiwa na nguo zilezile na nepi ileile, hata kama nepi imelowa, kwa sababu gramu moja iliyoongezeka ni kama mililita moja ya maziwa aliyomeza. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo, baada ya mlo ambao sote tulidhani ni wa kuridhisha, mizani ilionyesha ongezeko la gramu nane.

Namba hiyo ilihitaji kuwekwa mahali pake, na hapo tena muuguzi ndiye aliyekuwa na thamani kuliko chombo. Mtoto njiti aliyekwisha kuzoea maziwa kwa ukamilifu kwa kawaida huhitaji mililita 150 hadi 180 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na kiasi chake hasa hupangwa na daktari. Kwa mtoto wa kilo mbili hiyo ni mililita 300 hadi 360, na zikigawanywa kwa milo minane ni karibu mililita 38 hadi 45 kila mara. Gramu nane zilimaanisha kwamba sehemu kubwa ya mlo ilipaswa kutoka kwenye kikombe, na kwamba titi kwa wakati ule lilikuwa mazoezi. Muuguzi alitupangia hivyo: titi kwanza, kikombe baadaye, kukamua mwisho. Alimwambia mke wangu akamue baada ya kila mlo ikiwezekana, na asiuruke wa usiku, kwani homoni inayoendesha utengenezaji wa maziwa huwa juu zaidi usiku, na mtoto mwenye mfyonzo dhaifu hawezi peke yake kuliamrisha titi litengeneze zaidi. Alimfundisha kukamua kwa mkono kabla ya kuzungumzia pampu ya aina yoyote, na kwa kuwa stima hupotea kwetu bila taarifa, ujuzi huo ulitufaa mapema.

Kikombe nacho kinahitaji mafunzo, kwani nimeona watu wakikimimina mdomoni kama dawa. Mtoto huketishwa karibu wima, shingo na mabega vikishikiliwa, kikombe kidogo safi kikiwa kimejaa nusu huegemezwa kwenye mdomo wa chini, na huinamishwa mpaka maziwa yaguse tu ukingo wa mdomo. Kazi iliyobaki huachiwa mtoto. Hutoa ulimi, hulamba, humeza, hupumzika. Kikombe hakiondolewi wala hakiinuliwi zaidi wakati wa mapumziko. Mengi humwagika mwanzoni, na kitambaa cha kidevuni hupimwa pia ikiwa mtu anataka hesabu kamili. Huduma hii haiuzi chupa wala maziwa ya kopo, na hakuna kalenda wala kalamu ya kampuni yoyote ya maziwa kwenye mkoba wa Sista. Kenya ina sheria ya mwaka 2012 inayodhibiti utangazaji wa vibadala vya maziwa ya mama, na mzazi yeyote anayeona muuguzi wa nyumbani akimtolea sampuli katika ziara ya kwanza ana haki ya kumshuku. Hiyo haimaanishi kwamba maziwa mengine hayapo kabisa katika mazungumzo. Alitueleza kuhusu benki ya maziwa ya akina mama katika Hospitali ya Pumwani, iliyofunguliwa mwaka 2019 na ambayo ndiyo ya kwanza nchini, ambapo maziwa yaliyochangwa hupashwa joto kwa kiwango cha kuua viini, bila kuchemshwa, na kupewa watoto waliolazwa ambao mama zao hawajapata ya kutosha.

Juu ya joto sitasema mengi, ingawa Sista alilirudia kila alipokuja. Mtoto aliyepoa husinzia na huacha kufyonza, na Nairobi ya mwezi wa saba, yenye mawingu tangu asubuhi hadi jioni na sakafu za saruji, huwapoza watoto hawa bila mtu kugundua. Joto la kwapani linapaswa kuwa kati ya 36.5 na 37.5. Dawa yake ni kifua cha mzazi: utaratibu wa kangaruu ulioanzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, na ambao tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza uanze mara tu baada ya mtoto kuzaliwa na udumu saa 8 hadi 24 kwa siku. Nilifungwa leso mbili na mtoto nikiwa nimekaa kitini, na ninaweza kushuhudia kwamba mtoto aliye kifuani hutoa ishara zake za kuamka mapema zaidi, kwa sababu unazihisi kabla hujaziona. Alituonya tu kwamba mzazi akisinzia, mtoto alazwe mahali pake, chali, kwenye godoro gumu lisilo na mito.

Kipimo kikubwa zaidi cha huduma kama hii, kwa maoni yangu, ni kama inajua mahali pa kuishia. Muuguzi anayemwambia mzazi kwamba njiti wote hulala sana anaweza kumwua mtoto kwa maneno hayo. Usingizi unaweza kuwa uchanga wa ubongo, na unaweza kuwa sukari iliyoshuka, umanjano, maambukizi ya damu au upungufu wa maji, na kwa macho vyote hufanana mwanzoni. Sista alituandikia kwa herufi kubwa, tukabandika ukutani, mambo ambayo yakitokea hatutampigia yeye bali tutakwenda hospitali saa hiyohiyo: mtoto aliyekuwa akinyonya akaacha, mtoto asiyesogea ila kwa kuguswa, pumzi zinazofikia 60 au zaidi kwa dakika moja nzima akiwa ametulia, kifua kinachobonyea ndani anapovuta pumzi, midomo kuwa ya samawati, degedege, joto linalozidi 37.5 au lililo chini ya 35.5, na rangi ya manjano iliyofika viganjani na kwenye nyayo. Nepi nazo zinasema: baada ya wiki ya kwanza, sita zilizolowa vizuri kwa saa 24 ndizo zinazotarajiwa, na mkojo wa rangi iliyokolea ni habari mbaya. Katika ziara moja aliona umanjano kwenye tumbo la binti yetu, akambonyeza ngozi kwa kidole chini ya mwanga wa dirisha, akafunga mkoba wake na kusema, "Baba, leo hatupimi kitu, twende akapimwe damu." Alipanda gari pamoja nasi hadi mapokezi. Kipimo hakikuhitaji mtoto alazwe, lakini sijui huduma nyingine ambayo ingekatiza ziara iliyokwisha kulipiwa kwa uamuzi wa namna hiyo.

Yapo mapungufu, na mengine si madogo. Mwishoni mwa wiki huja muuguzi mwingine, na yule aliyetujia alitushauri tumwache mtoto aamke mwenyewe, kinyume cha yote tuliyoambiwa. Mashauri yote mawili yana mahali pake. Mtoto njiti huanza kwa milo ya kuamshwa, na kadiri anavyokaribia wiki ya 40 na uzito wake kupanda bila kusuasua, huachiwa polepole aongoze kwa ishara zake mwenyewe. Kosa lilikuwa kwamba muuguzi wa pili hakuwa amesoma kumbukumbu za wa kwanza, akatoa ushauri wa wiki ya 40 kwa mtoto aliyekuwa bado wa 36. Huduma inayotoza ada hii inapaswa kuwa na daftari moja linalosomwa kabla ya hodi. Fomu zao zote ni za Kiingereza, na mama mkwe, ambaye ndiye aliyekuwa akimshika mtoto kwa milo ya alfajiri, alilazimika kusomewa ratiba na mtu mwingine. Nimewaandikia kuhusu hilo na wameahidi kuzitafsiri. Usiku hawaji, jambo ninaloweza kulielewa kwa hali ya barabara na usalama, lakini simu ya usiku nayo hujibiwa kwa kuchelewa, na ni usiku ndipo mtoto njiti husinzia zaidi na mzazi huchoka zaidi. Anayeishi nje ya njia kuu, kwa mfano ndani kabisa ya Kayole au Mwiki, huongezewa nauli ambayo haikutajwa katika mazungumzo ya kwanza.

Ada ya ziara moja inakaribiana na ile ya kumwona daktari bingwa wa watoto, na amana ya mizani ni juu yake. Kwa familia nyingi za Eastlands hizo ni fedha za kodi ya nyumba. Sioni ubaya kusema kwamba sehemu kubwa ya niliyoyaeleza hapo juu mama anaweza kuipata bila malipo hayo akimwomba muuguzi wa kliniki ya watoto njiti hospitalini amtazame akinyonyesha mlo mzima, na akiomba kupimiwa mtoto kabla na baada. Kliniki zina foleni, lakini ombi hilo hukubaliwa mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, hasa asubuhi ya mapema. Mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaa wako naye anaweza kuja kumwangalia mtoto na kuandika rufaa. Huduma ya nyumbani inastahili kulipiwa pale ambapo mtoto ni wa wiki 32 hadi 36, amekwisha kuruhusiwa, hana ugonjwa mwingine, lakini uzito umesimama au unapanda kwa kusuasua na hapana anayejua ni kiasi gani kinachoingia tumboni. Kwa mtoto aliyetoka nasari, yaani wodi ya watoto wachanga, akiwa bado na hewa ya oksijeni, au mwenye tatizo la moyo, wenyewe hukataa, na wanafanya vyema.

Mizani tuliirudisha kabla ya muda wa kukodi kwisha. Sista mwenyewe ndiye aliyeshauri hivyo, baada ya kupiga hesabu ya umri uliorekebishwa mbele yetu kwenye karatasi: wiki 33 alizozaliwa nazo kujumlisha wiki sita za maisha yake, jumla 39, na ongezeko baada ya titi pekee likiwa limefika gramu 50 bila kikombe. Alisema tukiendelea kumpima kila mlo tutaanza kuitazama mizani kuliko mtoto. Akatuachia uzito wa mara moja kwa wiki kliniki, dawa ya madini ya chuma kama daktari alivyoandika, na ruhusa ya kumwacha alale zaidi kidogo kwa mlo mmoja wa usiku mradi milo minane itimie kwa siku. Anayefikiria kuitumia huduma ya aina hii apige simu mtoto akiwa bado wodini, kwa kuwa mizani ni chache na huandikishwa mapema. Aulize ni muuguzi yupi atakayekuja Jumamosi, nauli ni kiasi gani hadi mlangoni, simu ya saa nane usiku inapokewa na nani, na kama muuguzi huyo atakaa hadi mtoto amalize kunyonya.